Mwalimu Josepha na Wastani Uliozua Kikao

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha takwimu katika chuo chetu hapa Tabora, Mwalimu Josepha Emilian anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wanafunzi wake wametapakaa kuanzia Igunga hadi Kaliua, na wengi bado wakikutana naye sokoni hunyoosha mgongo kwanza ndipo wampe shikamoo.

Alizaliwa Usinge katika familia ya wakulima. Alipoajiriwa alikabidhiwa somo ambalo wenzake walilikwepa, utangulizi wa takwimu kwa mwaka wa kwanza, na humo akaipenda mada iliyowatoa wanafunzi jasho: mgawanyo wa wastani wa sampuli. Aliingia darasani na kapu la viazi vitamu na mizani. Kila kundi lilichota viazi vichache bila kuchagua, likapima, likatafuta wastani na kutia nukta ubaoni. Viazi vilipishana mno kwa ukubwa, lakini nukta zilijikusanya katikati. Makundi yakichota viazi vingi zaidi, nukta zilizidi kusogeleana. Baada ya kipindi viazi vilichemshwa, kwa hiyo siku hiyo hakuna aliyesingizia ugonjwa ili akose kipindi.

Sisi tuliofanya naye kazi, hata hivyo, tunamkumbuka zaidi kwa kikao cha ule mwaka wa mvua nyingi. Wanafunzi walikuwa wametumwa Igalula kuuliza mavuno ya mpunga. Makundi yote yalirudi na wastani wa karibu magunia kumi kwa ekari, isipokuwa Zuwena na Niyokwizera, waliopata sita. Mkuu wa idara, Mwalimu Sylvester, aliamini kwamba walikaa stesheni wakapika takwimu, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kufukuzwa. Zuwena alilia mbele yetu. Niyokwizera, aliyesomeshwa kwa michango ya jumuiya yao ya Ulyankulu, hakuinua kichwa.

"Wakulima ni walewale," alisema Mwalimu Sylvester. "Iweje wao tu wapate sita?"

"Mkuu, walifikia kaya ngapi?" aliuliza Josepha.

Nne tu, kwa sababu maji yalikata njia. Wenzao walifikia thelathini.

Josepha aliandika mavuno ya kila kaya ya makundi mengine kwenye vikaratasi, akavichanganya ndani ya ndoo, akamwomba mkuu achote vinne vinne na kuvirudisha kila mara. Wastani ulirukaruka: kumi na mbili, nane, kumi na moja. Mara ikatoka sita. Mwalimu Sylvester alirudia hesabu, akatutazama.

"Na mimi nimepika?"

Kikao kizima kiliangua kicheko, naye akacheka. Alipochota thelathini thelathini, majibu yote yaliganda karibu na kumi.

"Hii haithibitishi kwamba walikwenda," Josepha alisema. "Inaonyesha tu kwamba sita yao si ushahidi wa uongo. Kama walikwenda, tutajua hukohuko."

Mwisho wa wiki alipanda treni nao hadi Igalula. Kwenye nyumba ya kwanza, mama mwenye nyumba alimwona Zuwena akamuuliza kama viatu vyake vilivyozama kwenye tope vilikauka. Josepha hakuuliza zaidi. Walimalizia kaya zilizobaki, na wastani wao ukapanda hadi karibu na wa wenzao. Kesi ikafutwa.

Leo Niyokwizera ni mtakwimu Kaliua, na binti yake wa kwanza anaitwa Josepha. Zuwena ni mwalimu mwenzetu, na ndiye anayerithi somo. Juzi alimwomba mwalimu wake awe anakuja kuketi nyuma ya darasa walau muhula mmoja. Josepha alikataa akitabasamu: "Darasa ni lako sasa, mwanangu. Mimi nataka kulima."

Mwalimu Josepha, asante kwa kuuliza kwanza pale sisi tulipokuwa tayari kuhukumu. Nenda ukalime. Tunakuombea afya, mvua za kutosha, na miaka mingi ya furaha huko Usinge.