Ndege wa Kumi na Mbili

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mguu wa kuungaunga, mbele ya meza ya fundi saa. Wengine hunywa kahawa hapo kabla ya kazi, wengine baada ya kazi, na wapo wanaoinywa badala ya kazi. Asubuhi hiyo fundi alikuwa ameinamia simu ya marehemu mkewe. Mwezi wa nne sasa, kila akifungua kibanda, huanza na ule mchezo wa bure wa bustani ambao mkewe aliucheza kitandani alipougua. Ukimwagilia maua vizuri, unazawadiwa kadi yenye picha ya ndege. Kadi zote ni kumi na mbili, na mama wa watu aliacha kumi na moja.

— Leo je? akauliza Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote.

— Tausi bado.

— Una kidole kizito, fundi. Ile kitu inasikia. Gusa kama unabembeleza mtoto.

— Kidole wapi! akadakia Kinyozi. Wenye mchezo wanambania makusudi. Akimaliza ataondoka, na wao wanataka akae.

— Hamjui kitu nyie, akasema Kocha. Tausi ni mmoja dunia nzima, anahama simu hadi simu. Jana kalala kwa mtu, leo yuko njiani.

— Haya, basi nikwambie ukweli, Kocha. Mchezo umeshajua mwenyewe hayupo. Unamsubiri yeye.

Kinyozi alijuta neno lilipomtoka. Fundi akaendelea kumwagilia maua. Lilimchoma, kwa kuwa naye alikuwa akimsubiri.

Hapo akafika mwalimu mmoja, mgeni mtaani, kuchukua saa yake ya ukutani.

— Shikamoo, baba. Kumbe na wewe unacheza huu? Mimi nina kadi tisa tu.

— Marahaba. Mimi kumi na moja. Nimekosa tausi.

Mwalimu akachungulia, akagusa bahasha ndogo pembeni mwa kioo.

— Si huyu hapa, baba? Katumwa siku nyingi, anasubiri kupokewa tu.

Kocha na Kinyozi wakasimama kuona. Chini ya tausi kulikuwa na ujumbe, mwalimu akausoma kwa sauti: “Shoga, nimepata tausi wawili, huyu wako. Mbona kimya? Unaumwa tena?”

Fundi aliujua. Aliusoma wiki ile ile ya mazishi, akaufunga haraka. Huyo alikuwa mtu wa kubadilishana kadi na mkewe, wala hawakuwahi kuonana. Katika dunia nzima, ni yeye peke yake aliyekuwa bado anamuulizia mkewe kama mtu aliye hai.

— Simu ni ya marehemu mkewe, Kinyozi akamnong'oneza mwalimu.

— Huyu shoga yake, akauliza mwalimu taratibu, nani amemjibu?

Kinyozi akatikisa birika la kahawa, lilikuwa tupu. Saa zote za kibandani ziliendelea kugonga, kila moja na wakati wake.

Fundi akavaa miwani yake ya kuonea skrubu ndogo. Kadi ya tausi hakuigusa. Akaanza kuandika, herufi moja moja, kwa kile kidole kizito:

“Habari yako. Mimi ni mume wake.”