Hoho Mgonjwa Aliyelipiwa Nauli

Mzee Wekhomo, mwana wa mwalimu Sichangi wa Naitiri, mjukuu wa Nabwera aliyeaminiwa kuamua mipaka ya majirani, hakuwa na desturi ya kucheka hadharani. Ila katika basi la kutoka Kitale kwenda Bungoma, ilimbidi aume kofia yake ili asicheke.

Mbele yake mama aitwaye Phelista alipakata mche wa pilipili hoho ulionyauka, na udongo wake, ndani ya mfuko wazi. Jirani yake kitini, Ravi, mwenye duka Bungoma, alibeba trei ya miche mibichi ya kupanda kesho.

"Ni kiu tu," alisema Phelista. "Naimwagia maji asubuhi na jioni, bado inalala kama mlevi."

"Mama, si kiu, umeizamisha! Tazama mizizi, imeoza, nyeusi tititi. Huko shambani inua udongo uwe tuta, maji yapite."

"Wewe wa dukani unajua jembe?"

"Niko na robo ekari Kimilili, bana!"

Hapo Kiminini basi likaruka tuta, na konzi ya udongo ikatua juu ya miche ya Ravi.

"Mama! Huu ugonjwa unasafiri na udongo!"

"Si nimeulipia nauli?"

Phelista akainama kumpangusia, akamwaga konzi nyingine. Basi zima likaangua kicheko, na Mzee pia, mpaka machozi.

Waliposhuka Bungoma bado walikuwa wakibishana. Mzee, mwenye hoho zake nyumbani, alikung'uta udongo viatuni mara tatu, kisha akawageukia vijana waliokuwa wakicheka: "Nyamazeni mnisikie! Mche mgonjwa hufungwa mfukoni kabla ya kutoka shambani. Mmesikia?"