Mguu wa Kushoto wa Bibi

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza nilichokiona ni visigino vya bibi yangu. Viling'aa. Alikuwa amevisugua kwa jiwe tangu asubuhi, kisha akavaa soksi mpya. Mimi nikitaka kumkata kucha, huniambia, "Achana na miguu yangu." Siku hiyo alikuwa anakwenda kupimwa mifupa na Mama Kisigino.

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Mama Kisigino amefariki Jumanne, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Miaka kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia katika chumba kimoja cha kituo cha afya, akipima mifupa ya wanawake wazee. Miaka kumi na tisa, chumba kimoja.

Kipimo chake hakikuumiza. Unaketi, unapakwa jeli baridi, unaingiza kisigino kwenye mashine ndogo, kama unajaribu kiatu. Mawimbi ya sauti yanapita kwenye mfupa, mashine inatoa namba. Namba ikiwa ndogo, huenda mfupa umedhoofika, nawe unapelekwa kwa daktari akahakikishe. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu mama yake mzazi alivunjika pingili ya mgongo akifunga kiatu. Hakuanguka. Aliinama tu.

Kabla sijakaa mbele ya kipaza sauti hiki, nilikuwa nafuta jeli katika chumba kile. Niliacha shule darasa la sita, na wakati huo kusema mbele za watu kulinishinda. Mama Kisigino hakushindwa na mtu. Bibi alicheka naye mpaka machozi. Akamweleza kwamba ameteleza bafuni mara mbili. Mimi ninayelala naye chumba kimoja sikuwa nimeambiwa.

"Mke mwenzangu amenuna," Bibi alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Ana wivu huyo."

"Mwache anune," Mama Kisigino akajibu. "Mashine yangu haipimi wivu. Ningempima bure."

Nilikuwa nao kweli.

Mama Kisigino alikuwa na sharti moja: mguu ule ule kila mwaka. Mfupa hulinganishwa na wenyewe, alisema, haulinganishwi na jirani yake. Wa Bibi ulikuwa wa kushoto.

Mwaka uliofuata Mama Kisigino aliitwa wodini Bibi akiwa ameshaketi. Nilijua kuwasha mashine. Nikachukua mguu wa kulia. Sikusahau sharti. Mguu wa kushoto ulikuwa wa Mama Kisigino, na mimi nilitaka wangu. Namba ikatoka kubwa kuliko ya mwaka uliopita. "Imepanda, Bibi," nikasema. Akanikumbatia. Nikaona nimeshinda.

Wiki mbili baadaye, kwa furaha ya namba ile, Bibi alipanda juu ya kiti kutundika mapazia. Akaanguka, akavunjika mkono.

Mama Kisigino alifungua daftari. Akaona mwandiko wangu, akaona neno "kulia", akalifunga. Jioni alikuja nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda cha Bibi. "Mama, nimekosea mimi. Nisamehe." Bibi akamsamehe palepale, tena akazidi kumpenda. Hata kosa langu alilichukua yeye. Nikamwonea wivu kwa hilo pia.

Jana nilikwenda msibani. Binti yake alinisogezea kiti, akaniambia, "Mama alijua visigino vya bibi za watu wote. Vyangu sikumbuki kama aliwahi kuvishika. Nilikuwa nawaonea gere, ninyi wa kituoni." Sikumwambia kwamba tuko wawili.

Kwa binti huyo, kwa kaka zake na wajukuu, poleni sana. Mungu ampumzishe pema mama yenu. Nasi wengine, mwenye mama au bibi ampeleke akapimwe, na amuulize kwa upole kama ameteleza. Kisha kila mmoja akae kimya kidogo, amfikirie aliyewahi kubeba lawama yake.

Bibi, najua redio iko pale dirishani, na mkono wako bado haukunjuki sawasawa. Mama Kisigino hakukosea. Mguu ule niliupima mimi.