Anayenyanyua Ni Nani?

Bibi aliyeketi nyuma ya wanaume wawili kwenye treni alitega sikio, maana sikio halina pazia. Seremala aliyevuka arobaini alikuwa akimlalamikia mwalimu wake wa kunyanyua vyuma.

“Ulinipunguzia uzito, ukaniambia nipumzike. Nimetii. Mbona naamka misuli inauma, na chuma changu cha nyumbani kimeongezwa uzito?”

“Unanyanyua kwa kujificha, kaka. Umri huu, usipopumzika, moyo utakusaliti.”

“Shemeji yako anasema nakoroma kitandani hadi asubuhi. Sasa anayenyanyua ni nani?”

Bibi, bingwa wa vitendawili, akainuka kidogo kukichungulia hiki.

Mwalimu akacheka. Seremala akasinzia, akakoroma. Viganja vyake vikajifumba magotini, vikapanda polepole hadi kifuani, vikashuka.

Treni iliposimama, vilikuwa vinapanda tena, sasa vikitetemeka kwa uzito.