Mzee Kasyoka Anastaafu, Alio Bado Kambini

Leo, tarehe 31 Desemba 1966, Mzee Lazarus Kasyoka anastaafu baada ya miaka ishirini na mitano katika kituo cha utafiti wa samaki hapa Garissa. Nimeombwa niandike wasifu wake na kuusoma mbele yenu kwa sababu ndiye aliyetufundisha sisi wanafunzi wa Biolojia kumpasua samaki bila kumharibu. Niliambiwa niandike mambo ya kufurahisha. Yapo, nami nayaanza.

Alitoka Kitui akiwa kijana, akaajiriwa kupiga kasia. Siku hizo wavuvi wa Tana waliamini kwamba wataalamu wamekuja kuwatoza kodi ya samaki. Wakiiona mashua ya kituo, walijificha kwenye matete. Mzee hakuwahubiria. Alikula nao, akajifunza lugha yao, akalia nao misibani.

Ndipo utafiti wa mikunga ukawezekana. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, hukulia mtoni, kisha hushuka baharini kuzaa, na wataalamu walitaka kuijua safari yake. Walimfunga kila mmoja kibati chenye namba, wakamrudisha majini. Mzee akawapatanisha: mvuvi akimnasa, amle, ila alete kibati na kusema alikomnasa. Mtaalamu naye aje kuketi mchangani, awaeleze wavuvi alichogundua. Siku moja mkunga alimwingia Daktari Ndirangu, mkuu wa kituo, ndani ya suruali. Wavuvi wakapiga kelele, "Tulia, Daktari! Leo unapimwa wewe!" Akacheka, nao wakacheka.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Agosti mwaka huu, askari wa kizuizi cha barabarani walimkuta mvuvi Alio na vibati mfukoni, akivileta kituoni. Akasema ni vya samaki.

"Tangu lini samaki wakaandikishwa jeshini?" wakamuuliza.

Waliamini ni alama za mashifta, waasi wanaopigana na serikali. Wakamchukua hadi kambini mwao.

Mzee alifika kambini siku hiyohiyo. Ofisa akamwambia, "Wewe mpiga kasia tu. Mlete mkubwa wako aseme." Mzee alipomwomba aende, Daktari akajibu kwamba yeye ni mtu wa sayansi, mambo ya usalama hayamhusu. Lakini wiki iliyofuata alimtuma dereva kambini kudai vibati vyake. Vikarudishwa! Mzee alipouliza kwa nini mtu hakurudi pamoja navyo, ofisa alimjibu, "Kilichodaiwa ni bati. Mtu hakudaiwa."

Nasoma sana, lakini sijakuta katika kitabu chochote sentensi mbaya kuliko hiyo. Alio hakukamatwa kwa kuvunja ahadi. Alikamatwa kwa kuitimiza. Vibati alivyovibeba viko mezani kwa Daktari, vimeoshwa na kupangwa kwa namba, na ripoti itasema kwamba wavuvi walishirikiana vizuri.

Wafanyakazi walichanga wamnunulie Mzee redio. Ameikataa. Ameomba zawadi moja tu: Daktari, ambaye ndiye mgeni wetu wa heshima leo, afuatane naye hadi langoni mwa kambi, aseme, "Mimi ndiye niliyemtuma."

Ahsante, Mzee wetu. Uliwafanya watu wa vitabu na watu wa mto waketi kwenye mchanga mmoja. Tunakuombea uzee wenye afya na usingizi mtulivu, ingawa tunajua bado huupati.

Daktari, hotuba yako inaweza kungoja. Mzee amesimama mlangoni pamoja na Maka, mke wa Alio. Kambi si mbali, na jua bado liko juu.