Salvina, Bibi Shamba Aliyeomba Radhi

Waheshimiwa mapadre, viongozi, ndugu, na ninyi nyote mliotoka Ndama, Kituntu, Bweranyange na huko Kyerwa kuja kulia pamoja nasi, poleni, na asanteni. Mimi ni Gosbert, mdogo wake marehemu na kitindamimba wa kwetu, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Dada Salvina Kokwijuka alizaliwa Ndama tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Elpidius na marehemu Mama Celestina, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hukohuko Ndama kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na miaka hiyo ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, ndiyo maana hata nilipoota mvi aliendelea kuniita mtoto wake. Akaendelea na sekondari Bukoba hadi mwaka 1977, kisha Chuo cha Kilimo Ukiriguru, alikohitimu mwaka 1980.

Januari 1981 aliajiriwa kuwa bibi shamba, akaanzia Bweranyange, akahamia Nkwenda, ambako sasa ni Kyerwa, na mwaka 2003 akaletwa Kituntu, akakaa huko hadi alipostaafu. Tarehe 28 Julai 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu Winston Mwesiga, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Muleba, na Mungu akawajalia watoto wanne, Avelina, Protase, Mugisha na Placida, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Wapendwa waombolezaji, kuna jambo moja ambalo marehemu aliagiza lisomwe, na Mama Mukantabana, aliyeketi pale karibu na jeneza, ameturuhusu tulisome.

Mnakumbuka mnyauko wa migomba ulivyotusumbua, migomba ikigeuka manjano na ndizi kuoza ndani, na amri ikawa kwamba kibanja kilichoambukizwa king'olewe ili kuokoa vingine. Januari 2011 dada aliletewa mezani orodha ya vibanja vya kung'oa, naye siku hiyo alikuwa na homa, akatia saini bila kwenda kuviona. Katika orodha ile kilikuwemo kibanja cha Mukantabana, mjane aliyekuja kwetu kutoka Rwanda na watoto watano, na migomba yake yote ikakatwa kwa siku moja, huku yeye akisema haiumwi na hakuna aliyemsikiliza.

Wiki sita baadaye dada alipita pale, akakuta visiki vinatoa machipukizi ya kijani kibichi, akachukua panga akapasua kimoja, kikawa cheupe kama muhogo, akapasua cha pili, akapasua cha kumi, vyote vyeupe, havina ugonjwa. Jina la mjane yule lilikuwa limeingizwa na mtu aliyegombana naye kuhusu mpaka, lakini saini ilikuwa ya dada yangu.

Alikuja kwangu siku hiyohiyo, na leo nakiri mbele yenu kwamba mimi ni mmoja wa waliomshauri vibaya. Nilimwambia, "Dada, kijiji kimeshasahau, na wewe unatajwa kwa cheo kikubwa, ukinyamaza nani atajua?" Akanitazama, akasema, "Mukantabana anajua."

Jumamosi ya tarehe 12 Machi 2011 alisimama kwenye mkutano wa kijiji, akavua kilemba, akasema kwamba kibanja kile kilikuwa kizima, kwamba yeye alitia saini bila kukiona, kwamba asilaumiwe aliyeshika panga, na kwamba anaomba radhi. Mukantabana hakupiga makofi wala hakulia, alisimama akauliza, "Nimesikia, mama. Watoto wangu wale nini mpaka migomba izae?"

Dada akajibu, "Watakula kibanjani kwangu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa miezi kumi na minane, kila Jumatano na kila Jumamosi, mikungu ilitoka kwenye kibanja cha dada kwenda kwa Mukantabana, na machipukizi mazuri yakachimbwa hapohapo, akaenda mwenyewe kuyapanda. Shemeji Winston atanisamehe nikisema kwamba alinung'unika, maana nyumba hii ilikula viazi mwaka ule mpaka watoto wakakimbilia kwangu kutafuta ndizi, lakini mwisho yeye mwenyewe alifunga mikungu kwenye baiskeli akaipeleka. Dada alipewa barua ya onyo, na kile cheo hakikutajwa tena. Alibaki bibi shamba wa kata, akastaafu tarehe 14 Machi 2019, na tangu siku ile ya mkutano wakulima wa Kituntu wanashuhudia kwamba hakutia saini tena kabla viatu vyake havijashika udongo wa shamba lenyewe.

Februari mwaka huu wa 2025 alianza kuumwa tumbo, akatibiwa hospitali ya Nyakahanga, akapelekwa Bugando, ambako ilibainika kuwa ni saratani ya ini. Mwezi Agosti aliomba arudishwe nyumbani, akauguzwa na Avelina na Placida, na Alhamisi ya tarehe 9 Oktoba, saa mbili asubuhi, baada ya kunywa uji vijiko vitatu na kuuliza kama mvua imenyesha, alifumba macho. Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyakahanga na Bugando, jumuiya iliyosali nasi, majirani waliochimba kaburi na kuchota maji, na watumishi wenzake wa kilimo waliofunga safari kutoka Kyerwa. Shemeji, asante kwa kumtunza. Mama Mukantabana, asante kwa swali lako, maana wengi tulikuwa tayari kupiga makofi na kwenda nyumbani.

Dada, mimi nilikuwa msomi kuliko wewe, na nilikosea. Asante kwa kutonisikiliza. Pumzika sasa mtumishi wa watu, kwa amani ileile uliyotoka nayo mkutanoni siku ile.