Gari Halijakaa, Linachaji

Mwenyekiti, kamati, mama zangu mliokaa mbele, na nyie wazee mliokimbilia viti vya nyuma karibu na mlango, nawasalimu wote, wa msikitini na wa kanisani. Nimeambiwa nisimame niseme yaliyonipata kwa kuwa leo mmenirudisha kwenye kikundi chetu cha kuzikana. Nimeambiwa pia nisitaje mtu. Sitataja. Anayejijua aangalie viatu vyake, wengine tutaelewa.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina kidato cha nne, nina mashine ya kutotolesha vifaranga, nina kiti changu kibarazani. Kwangu mimi, kutoka hapa Nyasho kwenda Mukendo, hapahapa mjini, ni safari, naaga kabisa. Mke wangu anasemaga wezi wakija kwetu watalazimika kuninyanyua mimi kwanza ndipo wabebe kiti. Sasa mtu wa namna hii anunue gari la nini? Mliliuliza hilo, tena kwa sauti.

Mama yangu alipooza upande wa kulia, kule kwake Butiama. Hospitali ya hapa mjini wakaniambia dawa yake ni mazoezi, kila Jumatatu na Alhamisi, na kwamba miezi ya mwanzo ndiyo ya kuokoa mguu na mkono, ikipita, imepita. Nikamwomba mama ahamie kwangu. Akakataa. Kaburi la baba liko kule, ng'ombe wake wako kule, na kwangu, alisema, kunanuka kuku. Kwa basi haiwezekani, huwezi kumpandisha mtu ambaye nusu ya mwili haimsikii. Nikauza kiwanja changu cha Nyakato, nikaagiza kigari cha umeme, mtumba wa Japani.

Hapo mkapata cha kucheka. "Kauza kiwanja kanunua simu yenye magurudumu!" Aliyesema hivyo yumo humu, na nampa haki yake, ilikuwa nzuri. Hata mimi nilicheka.

Lakini mimi nililipenda lile gari kwa sababu moja ya kivivu: linajazwa nyumbani. Sheli siendi. Jioni unachomeka, asubuhi limejaa. Halina oili ya injini, halina plagi za kubadilisha, halina ekzosi ya kutoboka. Fundi magari wa hapa mtaani alifungua boneti akatafuta cha kulaumu, akakosa, akaifunga kwa huzuni. Ukiachia pedeli kwenye mteremko, linajirudishia chaji kidogo lenyewe. Ukilikimbiza, ukawasha kiyoyozi, ukajaza watu, chaji inaisha kama maji kwenye gunia. Likijaa vizuri linanifikisha Butiama na kunirudisha, na akiba inabaki. Basi. Hayo ndiyo masomo yote ya gari la umeme, na mtu yeyote humu angeyaelewa, kama angeuliza.

Mama alipopanda mara ya kwanza alikaa muda, kisha akaniuliza kwa yale maneno yake ya kuvutavuta, "Huliwashi?"

"Tunatembea, mama. Angalia nje."

Akaangalia nje. "Linanyamaza kama wewe," akasema. Na halikumtingisha. Alisinzia hadi mjini.

Sasa nawaambia lilipoanzia balaa. Kwetu gari la mmoja ni la mtaa mzima, sikatai, ndivyo tulivyolelewa. Na aliyeazima anarudisha na mafuta. Hiyo ni adabu, hata mlevi anaijua. Ila gari langu halina tundu la mafuta, kwa hiyo adabu ikakosa pa kuingilia. "Tukuwekee nini, hewa?" mkaniuliza. Mkaondoka nalo limejaa, mkalirudisha tupu, mkasema asante.

La pili ni mimi mwenyewe kukaa nyumbani. Kwa kuwa sitokagi, mliona na gari halitoki. Mzee mmoja wa kamati alikuwa akija, anasimama pale kibarazani:

"Ndugu yetu, gari si limekaa tu hili?"

"Halijakaa, mzee. Linachaji."

"Tangu asubuhi linachaji? Mbona simu yangu inajaa kabla sijamaliza chai?"

"Mzee, simu yako haipandi mlima."

"Basi tupe funguo tufike hapo karibu, litaendelea kuchaji tukirudi."

Hapo karibu ilikuwa Bunda! Jumapili moja walilipeleka Bunda kwenye posa. Walikwenda wamebanana, kiyoyozi kimewashwa, muziki mpaka mwisho, na kurudi walirudi na mbuzi nyuma. Lilifika kwangu jioni limewaka taa yenye picha ya kobe, maana yake chaji imeisha, linatambaa. Nikachomeka. Umeme ukakatika, mtaa mzima, mpaka kesho yake.

Jumatatu asubuhi nikampigia mama. Alikuwa ameshavalishwa, yuko mlangoni ananisubiri.

"Mama, gari halina chaji."

"Lilikuwa wapi?"

"Bunda."

"Nani anaumwa Bunda?"

"Hakuna anayeumwa, mama. Wanaoa."

Akasema, "Haya, waoe."

Nilipopata taksi ya kumfuata, wale wa mazoezi walikuwa wameshafunga. Alhamisi tukaenda. Wiki iliyofuata likaenda kwenye kipaimara. Baadaye likaenda kubeba viti. Mtaniuliza kwa nini sikusema hapana. Nilisema, jamani. Nilisema kwa sauti ya mtu wa nyumbani, ile isiyofika getini.

Ukaja ule msiba, Bunda tena. Mwenzetu kafiwa, Mungu amlaze pema marehemu, sina ugomvi naye. Kamati ikaja kwangu Jumapili jioni. Mwenzetu mmoja hakuniomba hata funguo. Alikwenda moja kwa moja kwenye soketi ya kibarazani, akachomoa.

Nikanyanyuka kwenye kiti. Nikachomeka.

Akachomoa. "Ni msiba, bwana!"

Nikachomeka. "Kesho mama ana mazoezi."

"Mama yako yuko hai. Huyu amekufa. Nani ana haraka?"

"Aliye hai," nikasema.

Mimi ambaye hata na jogoo sigombani, nilikaa chini pale pale sakafuni, nikaegemea soketi kwa mgongo. Watu wazima wanne wamesimama, mmoja amekaa kama mtoto aliyenyimwa maandazi. Mke wangu akafungua dirisha, akasema, "Wazee, huyu akishakaa, mimi mwenyewe simuwezi." Wakaondoka.

Hukumu mnaijua, mliipitisha nyie hapahapa, nikiwa nje: aliyekataa msiba, msiba wake tutaukataa. Nikatolewa, na mama nami, maana kikundi huzika na wazazi wetu. Dukani mkawa mnaangalia pembeni nikipita. Waliokuwa wakinunua vifaranga kwangu wakaanza kufuata vifaranga mbali, kwa jua kali, na vikawafia njiani. Sikufurahi. Kidogo tu.

Mimi kutengwa ningeweza kuzoea; sikuwa natembea kwa mtu. Aliyeumia ni mama. Habari zilifika Butiama kabla ya gari. Siku hiyo nimemfunga mkanda, tunaondoka, akaniambia:

"Nasikia hawatanizika."

"Mama, usife kwanza."

"Ni amri?"

"Ni ombi."

Akatazama mbele njia nzima. Mtu aliyezika wenzake maisha yake yote, aliyepika kwenye misiba mpaka nyusi zikaungua, anafikiria atabebwa na nani. Hilo mlimfanyia, ndugu zangu. Nasema polepole ili liingie.

Sasa niwashukuru walionishika mkono. Yupo mama mmoja anauza vitumbua hapa mtaani, Mwislamu, wala si ndugu yangu. Kumtoa mama garini kunataka watu wawili. Yule mama alifunga biashara yake kila Jumatatu na Alhamisi, akapanda na mimi kwenda na kurudi, na kumkemea mama kwenye mazoezi mpaka mama akawa anajitahidi kwa hasira. Yupo fundi umeme aliyenivutia laini ya peke yake ya kuchajia, kutoka kwenye mita, yenye waya wa ardhini, maana ile soketi ya kibarazani ilikuwa inapata moto na ingeweza kutuunguza sote, na mayai. Na mke wangu, ambaye alianza kufunga geti.

Mguu ulirudi. Mama anatembea na fimbo mpaka zizini, anawatukana ng'ombe, anarudi. Mkono haukurudi. Daktari hakusema ni kwa sababu ya zile siku tulizokosa. Ni muungwana, daktari. Mkono wa kulia uliokuwa ukisuka vikapu umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Sasa anakula kwa mkono wa kushoto.

Kisha mwenzetu yule wa soketi, nimesema simtaji, mke wake naye akapatwa na yaleyale ya mama. Alikuja kwangu kwa miguu. Akasimama nje ya geti, hakugonga. Nilimwona kutoka kwenye kiti changu na nikamwacha asimame, msidhani mimi ni malaika. Neno nilikuwa nimeliandaa miezi mingi. "Linachaji." Nilikuwa nalo hapa mdomoni, tamu.

"Jumatatu," akasema, "nafasi ipo?"

Nikamwangalia. Nikasema, "Kiti cha nyuma, karibu na mama. Usichelewe."

Jioni ile simu yangu ikalia. Alikuwa amenitumia tarakimu za luku, umeme ameshaulipia. Ndugu zangu, muda wote ule wa kuazimana, ndiye mtu wa kwanza kuniwekea mafuta.

Yeye ndiye aliyewasemesha nyie mnirudishe. Namshukuru. Na funzo langu ni fupi. Mkiweza, nunueni magari haya. Ni matulivu, hayana kelele wala gharama za fundi kila wiki, mgonjwa analala ndani yake. Vutieni laini yake ya umeme mapema. Msiache chaji iishe kabisa. Na ukiona la jirani limesimama limechomekwa, jua kuna safari ya mtu inaingia mle ndani, na ukilichomoa umeichomoa safari yake.

Nimekubali kurudi kwa sababu mama ni mzee, na mimi siwezi kuchimba kaburi peke yangu. Msidhani nimesahau. Mkono wake nilishauzika bila nyie. Siku yake ikifika, njooni mnisaidie kuzika mwili uliobaki.